Adhabu Iliyoitangulia Sheria

Mwaka 2012 mwandishi mmoja wa Kiingereza, Stuart Laycock, alitoa kitabu ambacho ndani yake aliipitia dunia yote, nchi baada ya nchi, akitafuta ni wapi ambapo nguvu za silaha za Uingereza hazijapata kuingia, na alipoifunga hisabu yake aliona kuwa nchi zilizosalimika ni 22 tu. Habari hiyo ilienea upesi, kwa kuwa watu hupenda hisabu inayosemeka kwa pumzi moja. Lakini msomaji aketiye Marani, juu ya milima ya Kitutu, kaskazini ya mji wa Kisii, mahali ambapo migomba na chai vimeifunika miteremko hata haionekani shubiri ya ardhi iliyolala bure, akiitazama hisabu ile atajitafuta asijione. Kenya imo, imehesabiwa mara moja. Jina la Kitutu halimo. Na kasoro hiyo si ya mwandishi peke yake, bali ni ya kipimo chenyewe, kwa maana mwenye kuhesabu uvamizi kwa bendera za leo anapima kwa pishi aliyoichonga mvamizi: hapakuwa na Kenya ya kuvamiwa kabla ya uvamizi, bali Kenya ni mtoto wa uvamizi huo.

Basi tukiiacha ramani tukahesabu kwa vilima, mito na miji, hisabu hubadilika sura. Oktoba 1890 wanamaji wa Kiingereza, chini ya amiri Fremantle, waliuchoma mji wa Witu, kwa sababu ya Wajerumani waliouawa huko mwezi uliotangulia. Mwaka 1895 vita vilizuka baina ya Waingereza na Wamazrui wa pwani, wakiongozwa na Mbaruk bin Rashid, vikaendelea hata mwaka uliofuata, na katika mwaka huo huo wa 1895 Wabukusu walipigwa katika ngome zao kule magharibi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari ziliipiga mizinga kasri ya Zanzibar kwa muda usiotimia saa moja, ili Khalid bin Barghash asikalie kiti cha usultani, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Wanandi walipelekewa majeshi mara tano, 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905, na katika safari hiyo ya mwisho kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba na afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen, katika kikao kilichoitishwa kwa jina la suluhu. Sotik ilipigwa 1905, Embu 1906, Wagiriama 1914, Waturkana hata 1918. Katika orodha hiyo, ambayo haikutimia, Kitutu kimo mara mbili, mwaka 1905 na mwaka 1908. Na mwenye kuhesabu kwa uangalifu huongeza ya tatu, kama tutakavyoona.

Ajabu ni kwamba ukizifungua barua na taarifa za serikali ya wakati ule huoni mahali pengi palipoandikwa kuwa Uingereza ilipigana vita na watu hawa. Neno lililotumika ni adhabu. Askari walitumwa kwa safari ya adhabu, na waliporudi walisema kuwa kabila fulani limekwisha kuadhibiwa. Sasa adhabu si vita. Vita huwa baina ya wawili, kila mmoja akiwa na dola yake au angalau na neno lake. Adhabu hutoka juu ikashuka chini, na haiwezi kuwako mpaka pawepo sheria, na mtu aliyeijua sheria hiyo, na kosa alilolitenda baada ya kuijua. Hoja yangu katika maandiko haya ni hii moja: kwamba silaha ya kwanza ya dola kubwa, itanguliayo bunduki na mzinga, ni uwezo wa kuliita tendo lake jina, na kwamba jina la adhabu ndilo lililoifanya nchi ya Abagusii, ambao watu wa Kitutu ni sehemu yao, iingizwe jeshi pasiwe na mtu wa kuulizwa kwa nini.

Tuitazame sheria hiyo ilifikaje. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa kwao Ulaya, walipiga mstari kutoka mto Umba hata ziwa kubwa ambalo wao walilipa jina la malkia Victoria. Milima ya Kitutu ikaangukia upande wa kaskazini wa mstari, na kwa kuanguka huko ikawa ya Uingereza. Tarehe 15 Juni 1895 ikatangazwa himaya ya Afrika Mashariki, ila nchi zilizo kandokando ya ziwa zilikuwa bado zikihesabiwa chini ya himaya ya Uganda. Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu hivi leo, na mwezi Aprili 1902 jimbo zima la mashariki la Uganda likahamishwa kwa kalamu likatiwa katika himaya hiyo ya Afrika Mashariki. Basi mzee wa Kitutu aliyekuwa akichunga ng'ombe wake miaka hiyo alizaliwa katika nchi yake, akawa wa Uganda, kisha akawa wa Afrika Mashariki, naye hakuinuka pale alipoketi wala hakuletewa mjumbe wa kumwambia. Sheria ilimfikia kwanza kwa sura ya adhabu, na maelezo yakaja baadaye.

Wala si insafu kuwasifu Abagusii kana kwamba walikuwa malaika waliokaa wakingoja kuonewa. Walikuwa watu wa vita kama majirani zao. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 waliwashinda Wakipsigis katika vita vya Saosao, ambavyo habari zake husimuliwa hata leo, na katika karne hiyo hiyo Kitutu chini ya Bogonko kilikuwa na nguvu iliyoogopwa na koo nyingine za Gusii zenyewe. Vijana hawakulala kwa baba zao. Walikaa katika ebisarate, yaani maboma ya ng'ombe yaliyozungushiwa ua madhubuti, mbali na nyumba za wazee, na humo walikula pamoja, wakafunzwa mkuki na ngao, wakalinda mifugo usiku, na wakati mwingine wakatoka kwenda kutafuta mifugo ya wengine. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba, dhamana na heshima; na kuporwa ng'ombe, kisha kuwafuata na kuwarejesha kwa nguvu au kwa maneno, ilikuwa shughuli yenye desturi na mipaka yake, baina ya watu waliooana na kufanya biashara kipindi cha amani. Huo ndio uporaji ambao serikali mpya iliugeuza jina ukawa uhalifu.

Mwaka 1905 kisa kilichotajwa kilikuwa ni hicho hicho: Kitutu kimepora ng'ombe wa jirani zake Waluo, nao wako chini ya ulinzi wa serikali. Jeshi lililotumwa lilikuwa dogo, askari wa King's African Rifles pamoja na polisi, nao walikuwa na bunduki ya mtombo. Afisa wa polisi W. Robert Foran, aliyekuwako, ameyasimulia mapambano hayo katika kumbukumbu zake, na masimulizi yake yatisha zaidi kwa sababu hayakukusudia kumlaumu mtu. Askari walijipanga mraba, visu vya bunduki vikielekea nje pande zote nne. Vijana wa Kitutu wakaujia mraba huo kwa mikuki, wakaanguka, na waliokuwa nyuma wakaruka juu ya walioanguka wakaja tena. Asema kuwa bunduki ya mtombo ilifyatuliwa kwa muda mrefu hata chuma chake kikakaribia kuwa chekundu kwa moto, na ghasia zilipotulia waliouawa na waliojeruhiwa walikuwa wamelala chungu chungu nje ya mraba, kwa mamia. Ndani ya mraba hasara ilikuwa ndogo. Vijana wale hawakuwa wajinga wa vita. Walipigana kwa ilimu yote waliyokuwa nayo, ambayo ilitosha kabisa Saosao, dhidi ya chombo kilichofanya ushujaa usiwe na thamani, kwa kuwa aliyekwenda mbele kwa ujasiri ndiye aliyekufa mapema.

Miaka miwili baadaye, 1907, kituo cha serikali kilifunguliwa pale Getembe, ambapo ndipo mji wa Kisii ulipo sasa, akawekwa hapo afisa kijana aitwaye G. A. S. Northcote, ambaye Abagusii, kwa kulilainisha jina lake katika ndimi zao, walimwita Nyarigoti. Kodi ilitakiwa, na ng'ombe walichukuliwa kwa faini. Hapo ndipo linapoingia jina la Moraa wa Ngiti, mwaguzi wa Kitutu, mwanamke ambaye masimulizi ya wazee yanamtaja kuwa aliwakemea wanaume hadharani kwa kukaa kimya mifugo ikiondoka, na kwamba kijana Otenyo, ambaye alikuwa kama mwanawe, aliyabeba maneno yake hata yakawa tendo. Januari 1908 Otenyo alimvizia Nyarigoti njiani akampiga mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Mkuki mmoja, jeraha moja la mtu aliyepona. Na malipo yake yakawa jeshi lililopita vilimani likichoma nyumba na maghala ya wimbi, likikusanya ng'ombe kwa maelfu na likiua watu waliozidi mia.

Taarifa za ushindi zilipofika London zilimkuta mezani kijana mwenye cheo cha pili katika wizara ya makoloni, Winston Churchill, ambaye miezi michache tu iliyotangulia alikuwa ameipita nchi yetu kwa gari moshi, akitazama wanyama kutoka mbele ya injini. Mtu huyu hakuwa adui wa himaya, na hakuna atakayemdhania huruma iliyopita kiasi. Walakini, alipozisoma taarifa zile aliandika kwamba hazimpendezi, kwamba jambo hili lafanana na machinjo, na kwamba likijulikana katika bunge litaitia doa mipango yote ya serikali katika nchi hiyo. Maneno hayo yana uzito kwa sababu yalitoka ndani ya nyumba. Lakini na tuyasome vizuri: hofu yake moja ilikuwa ni kwa wanaouawa, ya pili ilikuwa ni kwa bunge, na ijapokuwa alipendekeza mkono ulegezwe, hakuuliza ni sheria gani iliyovunjwa na watu wasioipokea. Jina la adhabu lilibaki mahali pake hata mikononi mwa mwenye kulaumu.

Tukitoka katika visa tukautazama utaratibu wenyewe, tunaona mambo matatu yaliyorudi tena na tena, Kisii kama Nandi, Nandi kama Embu. Kwanza ni ng'ombe. Himaya changa haikuwa na fedha, na hazina ya Uingereza ilikuwa na mkono mgumu. Mifugo iliyotekwa iliuzwa ikasaidia gharama za safari, na sehemu nyingine ikagawiwa kwa waliosaidia, hata ikawa aadhibiwaye ndiye alipaye ujira wa kuadhibiwa kwake. Pili ni watu. Jeshi lilioneshwa kuwa la Uingereza, ilhali Waingereza waliokuwamo walihesabika kwa vidole; wengi walikuwa Wasudani na Waafrika wa makabila mbalimbali, na kando yao walifuatana majirani wenye mikuki, kama vile Wamaasai walivyokwenda pamoja na jeshi dhidi ya Wanandi, kila mmoja akiwa na kisasi chake cha zamani. Uvamizi wa dola kubwa aghalabu hupanda juu ya mgongo wa ugomvi mdogo uliokuwako kabla yake.

La tatu latugusa sisi tunaoandika kwa lugha hii, na ni vizuri tusilipite kwa aibu. Amri za askari wale zilitolewa kwa Kiswahili. Mtu wa Kitutu aliyesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza, ghairi ya wachache waliofanya biashara na watu wa misafara, alikisikia kinywani mwa mwenye bunduki akimwambia simama, leta, beba, lipa. Na maneno askari, serikali, kodi na karani yalipanda milima ile yamevaa sare. Lugha ya Lamu na Mvita, iliyotungiwa tenzi na kuombwa kwayo dua, ilikodiwa kazi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Haikosi kuwa nzuri kwa sababu hiyo. Lakini ajuaye historia ya neno huelewa kwa nini mzee mmoja husema serikali kwa upole, na mwingine akalitamka kama mtu anayetema punje ya mchanga.

Baada ya kupigwa ilifuata kazi ya kuwavua watu uwezo wa kupigana tena. Ebisarate zilikomeshwa kwa amri katika miaka ya 1912 na 1913. Vijana wakarejea majumbani kwa baba zao, na jamii ambayo mafunzo yake ya uanaume yalikuwa yakifanyika ndani ya ua wa ng'ombe ikawa haina mahali pa kuyafanyia. Uvamizi mara nyingi huhesabiwa kwa maiti, lakini taasisi iliyofutwa kwa karatasi moja nayo ni miongoni mwa majeruhi, hata kama haina kaburi.

Kisha ikaja 1914, na hapa ndipo ile safari ya tatu. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka kutoka nchi waliyoitawala, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, wakashika Karungu ziwani, wakapanda hata Kisii. Maafisa wa Kiingereza wakauacha mji, na tarehe 12 vita vikapiganwa pale milimani baina ya dola mbili zilizokuwa zimegawana nchi hiyo kwa mstari miaka 28 nyuma. Wahenga walisema kuwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Lakini pale Kisii nyasi hazikulala tu zikakanyagwa: tembo wote wawili walipoondoka, watu waliingia mjini wakazivunja ofisi, maduka na misheni, wakabeba walichoweza, wakidhani kuwa Mzungu amekwenda zake asirudi, kama waaguzi walivyosema. Alirudi. Wakaadhibiwa tena, kwa risasi, kwa faini za ng'ombe, na kwa vijana waliochukuliwa kufanya kazi na kubeba mizigo ya vita ambavyo vilikuwa vya wengine. Mjerumani aliyeuvamia mji kwa jeshi kamili alihesabiwa adui, naye akipatikana atafungwa kama mateka, apewe chakula na daktari. Mgusii aliyebeba gunia la chumvi katika mji ule ule alihesabiwa mhalifu.

Adhabu hiyo hiyo ilikuwa na njia nyingine pia, nayo ni uhamisho. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, waliowahamasisha Wagiriama wakatae kazi na kodi, walikamatwa pwani wakapelekwa kufungwa bara, Kisii; nao mwaka uliofuata wakatoroka, wakaikata nchi nzima kwa miguu hata wakafika kwao. Kisha Abagusii waliofuata dini ya Mumbo, iliyotabiri kuondoka kwa Wazungu, viongozi wao walichukuliwa wakapelekwa pwani, Lamu. Serikali iliona kuwa mtu wa bahari ataisha nguvu milimani, na mtu wa milima ataisha nguvu baharini. Hivyo pwani na Kisii, ambazo hazikuwa zikijuana, zilijuana kwanza kwa wafungwa wao.

Kuna hoja ambayo hatuna budi kuikabili, kwa kuwa husemwa na watu waadilifu, na wengine miongoni mwao ni wazee wa Kitutu wenyewe: kwamba vita vile vilikomesha uporaji, kwamba leo Mkipsigis na Mgusii wanauziana ndizi na maziwa, kwamba barabara, shule na hospitali zilifuata nyayo za jeshi. Hayo ni kweli kwa sehemu yake. Lakini hoja hiyo hudhania kuwa njia ilikuwa moja tu, na kuwa watu waliokwisha kujua kuoana na maadui zao wasingaliweza kujifunza amani ghairi ya kuchomewa maghala. Fauka ya hayo, amani inayopatikana kwa kuwanyang'anya wote silaha isipokuwa mmoja huendelea kumtegemea huyo mmoja. Na siku aliyoondoka, ugomvi wa mipaka ya Gusii na jirani zake, ambayo yeye aliichora, ulionekana umelala tu.

Mwenye kudhani kuwa mambo haya ni ya kale na azitazame dola kubwa za wakati wetu. Februari 2022 Urusi ilipoingiza majeshi yake Ukraine haikusema vita, ilisema operesheni maalumu ya kijeshi. Marekani ilipopeleka askari Somalia mwishoni mwa 1992 iliiita kazi hiyo kurejesha matumaini. Hata sisi hatukusalimika na ustadi huo wa majina: Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilipouvuka mpaka na kuingia Somalia, jina lililochaguliwa, na kwa Kiswahili safi, lilikuwa Linda Nchi. Sisemi kuwa matendo haya yana uzito mmoja, wala kuwa hakuna aliyekuwa na sababu. Wapo waliokuwa wametekwa na kuuawa kabla ya jeshi letu kuvuka. Nasema kuwa msomaji wa Marani, kwa yaliyompata babu yake, ana haki na ilimu ya kulisikia jina kwanza kabla ya kuisikia sababu. Balozi wa Kenya Martin Kimani aliposimama katika Baraza la Usalama siku tatu kabla ya vita vya Ukraine, akaeleza kuwa Waafrika waliikubali mipaka waliyochorewa si kwa kuipenda bali kwa kuogopa damu isiyokwisha, alikuwa akisema kitu ambacho kila kilima cha Kitutu kinakijua, ijapokuwa hakikutajwa.

Limebaki jambo la kichwa cha Otenyo. Wazee husimulia kuwa alipokamatwa aliuawa kwa risasi, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo watu wake wanakidai. Mahali pengine fuvu la namna hiyo lilipata hati. Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyelivunja jeshi la Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 na kufa 1898, kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Na mkataba wa Versailles wa 1919 ulitia sharti, kwa kutakiwa na Uingereza, kwamba fuvu hilo litolewe. Likarudi 1954, mkononi mwa gavana Edward Twining, na sasa liko Kalenga. Kwa hiyo Uingereza ilijua vema, tena iliandika katika mkataba mkubwa kabisa wa karne, kuwa kichwa cha aliyepigana kwa ajili ya nchi yake si mali ya aliyemuua.

Kwa nini basi mmoja akadaiwa kwa mkataba na mwingine akadaiwa kwa masimulizi tu? Mkwawa alikuwa adui wa adui, na vita vyake viliitwa vita. Northcote alipona jeraha lake, akapanda vyeo hata akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937, na maisha yake yote yameandikwa. Otenyo katika karatasi za serikali ni mtu aliyejaribu kumuua afisa. Hakuwa mateka, maana hapakuwa na vita, na pasipo vita hapana mkataba, na pasipo mkataba hapana sharti la kurejesha. Atakayeihesabu upya dunia na kutaka kuitia Kitutu katika hisabu yake, na aanze na neno hilo moja: alifute adhabu, aandike vita, kisha aone ni madai mangapi yanayosimama.